Kwenda Mimi, Kurudi Elia

Elia aliposhuka kwenye gari pale kwao, siku ya sendoff ya dada yake, kitu cha kwanza nilichokitazama ni viatu. Uso wake nilikuja kuutazama baadaye. Viatu vyenyewe vilikuwa vya rangi ya kijivu, soli nene yenye meno kama tairi la trekta, vya watu wanaotembea kwa kupenda na si kwa kukosa nauli. Mimi nilikuwa nimebeba viti vya plastiki vinne kwa mkupuo, shati limeloa jasho, na Zuhura, mke wangu, ambaye alikuwa kwenye majiko ya pilau na kina mama wenzake, alininyooshea mwiko kwa mbali akasema, "Umeshaanza." Nikamuuliza nimeanza nini. "Kununa," akasema. "Mtu hata salamu hajatoa, wewe umeshanuna." Wale kina mama wakacheka, na mimi nikacheka, maana mimi ni mtu wa kucheka, hata wivu wangu huwa nauchekea. Lakini viti vile niliviweka chini kwa kishindo. Elia akaja moja kwa moja, akanikumbatia mbele za watu, akiwa ananukia sabuni ya mbali, na hakuniuliza watoto hawajambo wala biashara ikoje kule Mandewa, ninakotengeneza pikipiki na baiskeli. Aliuliza, "Rama, ile baiskeli ipo?" Nikamwambia ipo, hapa hapa kwa mama yako, pale pale ilipoegemea siku zote. Alipogeuka kwenda kumwamkia mama yake ndipo nikaona kwamba anachechemea. Mguu wa kulia, gotini. Na mimi, kwa jinsi moyo ulivyo kitu cha ajabu, nikaona hata kuchechemea kwake kuna maringo.

Nataka niueleze mwaka ule wa baiskeli, kwa sababu tangu siku hiyo ya sendoff umekataa kunitoka kichwani. Tulikuwa tumemaliza darasa la saba zamani kidogo, hakuna kati yetu aliyeendelea, na kijiji chetu kipo ukitoka Ilongero unaelekea msitu wa Mgori, mahali ambapo mashamba ya alizeti yanaisha ghafla na miti inaanza. Baiskeli ilikuwa moja ya zile nyeusi kubwa, zenye breki za vyuma, ambazo zikigonga ukuta anayeumia ni ukuta. Fremu ilikuwa ya Elia, alirithishwa na mjomba wake, na kwa muda mrefu mama yake alikuwa anaianikia nguo. Magurudumu yalikuwa yangu. Fundi mmoja wa Ilongero aliviunganisha vile vitu viwili kuwa kimoja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema baiskeli yangu bila mwenzake kusema, "Ipi? Ya magurudumu tu?"

Kazi ilitupata kupitia Mzee Sungi, mrina asali, mtu mfupi mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, ambaye yeye na wenzake walikuwa na kambi juu msituni, na mizinga yao ya magogo imetundikwa mitini kila upande. Walihitaji chombo cha kupeleka madumu matupu, unga na chumvi, kisha kurudi na asali. Tulipokwenda kwake tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaizunguka baiskeli akiibonyeza tairi kama mtu anayenunua mbuzi. "Naajiri baiskeli," akasema. "Nyie siwaajiri. Nani atakuwa juu yake na nani atakuwa chini ni shauri lenu."

Shauri tulilikalia jikoni kwa Mama Elia. Naliona jiko lile mpaka leo. Dari jeusi kwa moshi, kuku wawili wanaotaga kwenye kikapu pembeni na hawataki kusumbuliwa, kigoda kimoja chenye ufa ambacho mgeni akikikalia kinamfinya. Tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, na Elia, mkono ukiwa njiani kwenda mdomoni, akasema, "Chagua wewe, magurudumu ni yako. Kwenda au kurudi?" Nikafikiri haraka, nikajiona mjanja. Kwenda ni asubuhi, kuna kaubaridi, na madumu ni matupu. Kurudi ni mchana, jua limekaza, na mzigo wa asali ni mzito kama maiti. Nikasema, "Kwenda." Nikauinamia ugali nisionekane ninavyofurahi. Mama Elia, ambaye nilidhani hasikilizi, akageuka kutoka kwenye chungu chake akasema, "Haya, nimekuwa shahidi. Kwenda Rama, kurudi Elia. Msije mkapigania hapa kwangu." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenidhulumu. Nilichagua mwenyewe, nikiwa nimeshiba, mbele ya shahidi.

Nilichosahau ni kwamba kwenda ni kupanda na kurudi ni kushuka. Njia ile ilianza kwa mchanga wa korongo, mchanga mkavu unaokamata gurudumu kama mtu anayekudai, kisha inaingia kwenye kichaka cha miiba ambapo ukiinua kichwa unaacha kofia. Halafu ndiyo inakuja Kwikwi. Ni mlima tuliouita hivyo kwa sababu mtu akifika juu anapumua kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa: mizizi, kokoto, mizizi tena, na kila ukidhani umefika unakuta umefika mwanzo wa sehemu nyingine. Watu wote walikuwa wanasukuma baiskeli pale. Mimi nilijifunza kuipanda bila kuweka mguu chini. Sijui nilijifunzaje. Nakumbuka tu kwamba siku moja niliacha kuipiga vita njia, nikawa naikata kwa pembe, huku kisha huku, kifua kimelala juu ya usukani, nikimsema mtu fulani moyoni kwa kila mzunguko wa pedali, na nikashtuka niko juu. Elia alikuwa chini kabisa, anakuja mbio kwa miguu. Nikapiga kelele ya furaha. Kwale wakaruka, basi. Nikaisubiri sifa yangu mpaka Elia alipofika, lakini naye pumzi hakuwa nayo, akainamisha kichwa magotini, akanyoosha kidole kuniashiria nisubiri, na alipopata pumzi akasema, "Maji."

Kambini tulikula. Kibanda chao kilikuwa cha nyasi, ndani mna harufu ya moshi na nta iliyoshika mpaka kwenye blanketi, na walitupa ugali na asali yenye majana, ile inayokwenda na makinda ya nyuki humo humo, unatafuna na kumeza. Kisha asali iliyochujwa jana yake inamiminwa kwenye madumu, vifuniko vinazibwa kwa nta, madumu yanaoshwa nje yasinukie nyuki, yanafungwa kwenye keria huku na huku kwa mipira ya tyubu. Hapo mimi nilikuwa nashuka cheo. Elia alipanda. Nyuma tulikuwa tunafunga tawi kubwa la mti liburuzwe, limpunguze mwendo, na breki yake nyingine ilikuwa soli ya kandambili ya tairi, anaukandamiza mguu kwenye gurudumu la nyuma mpaka moshi unatoka. Akifika Kipara, jiwe kubwa jeupe lisilo na jani hata moja, lililoinama kama paa la nyumba kwenye njia ya kushukia, upande wa pili wa Kwikwi, anasimama kwenye pedali, ananipigia kelele nifungue tawi, na anajiachia. Baiskeli ilikuwa inakaa juu ya jiwe kwa uzito wa ile asali kama imegundishwa. Nilikuwa nasimama pale juu na tawi mkononi, namwangalia anavyopungua, shati limejaa upepo, na kitu kinakuja kuniwasha hapa machoni. Sikukijua jina lake siku za kwanza. Nilidhani ni vumbi.

Kwa sababu kijijini, nani alikuwa anaona Kwikwi? Hakuna. Walichokuwa wanaona ni Elia anaingia kwa kasi na asali, watoto wanakimbia wakiimba "Asali! Asali!", na wasichana pale bombani wanaacha ndoo zifurike. Zuhura alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nafika baadaye sana, mweupe kwa vumbi, naburuza lile tawi, maana tawi zuri halitupwi, na kina mama wananiambia kwa upole kabisa, "Na wewe mwenzie umefika?" Ikawa jina. Mwenzie. "Mwenzie, Elia yuko wapi?" "Mwenzie, mwambie Elia kesho aniletee sega." Nilikuwa naitika vizuri tu, natania, halafu nakwenda nyuma ya nyumba najaribu kupiga mluzi kama yeye. Nilimwonea wivu mluzi. Niliuonea wivu hata ule ukoko wa asali kwenye suruali yake, aliouacha makusudi usifuliwe. Nilikuwa naota ndoto nyingi wakati ule, nilijiona dereva wa malori makubwa, nilijiona kwenye mashindano huko duniani, na ndoto zile zote zikaanza kuharibika kwa namna moja: nikitazama vizuri kwenye usukani, aliyekaa ni Elia.

Siku moja nilikwenda kumfuata nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, na dirisha la chumba cha Mama Elia lilikuwa wazi. Alikuwa anasuka ukili na jirani yake. Nikamsikia jirani anasema, "Lakini huyu Elia wako anashuka jamani, kijana ana damu ya kushuka." Mama Elia akaguna kwa kuridhika. Jirani akauliza, "Na yule mwingine?" Nikasogeza sikio dirishani. Mama Elia akasema, "Rama? Rama ni mtoto mzuri. Ana msaada." Alisema kwa mapenzi, sina shaka, mama yule amenilisha miaka yote. Lakini ana msaada ni kigoda. Ana msaada ni ndoo isiyovuja. Niliinuka pale nikaondoka bila kumwita Elia, nikaenda nikapanda Kwikwi peke yangu kwa miguu, nikakaa juu, nikashuka tena. Sijui nilikuwa nawaonyesha nani.

Kiangazi kilipokaza ndipo akaja Kaka Deo. Alitoka Arusha, mtu wa makamo, mchangamfu, mwenye kazi ya kuzungusha wageni kwa baiskeli za gia porini, na alikuwa ameshapata kibali cha kupita msituni. Alitaka kijana mmoja wa hapa anayeijua njia awe anawatangulia wageni wake, na akionekana anafaa, aondoke naye akajifunze kazi yenyewe kule. Mzee Sungi alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Hao wageni wanakwenda kuchukua nini huko juu?"

"Hawachukui kitu, mzee."

"Wanapeleka?"

"Hapana. Wanakwenda tu, wanarudi."

Mabega ya Mzee Sungi yakaanza kucheza. "Basi wangekaa," akasema.

Nafasi ilikuwa moja. Sitasahau nilivyoitaka. Nilijua kusoma, nilijua kuhesabu, nilijua kucheka na watu, na nilijua kupanda Kwikwi bila kuweka mguu chini, jambo ambalo hata Kaka Deo alisema wageni wake wengi hawaliwezi na gia zao. Elia naye aliitaka, na hatukuambiana. Tulikaa jikoni kwa mama yake siku ile tunakula kimya, na kimya chetu kilikuwa na kelele kiasi kwamba kuku mmoja aliacha mayai yake akatoka. Kaka Deo akasema jaribio ni kwenda na kurudi, mmoja mmoja, baiskeli ile ile. Ukifika kambini Mzee Sungi anakupa donge la nta kuwa ushahidi. Yeye mwenyewe angesubiri chini ya Kipara na simu yake ya kupigia picha. Kijiji kizima nacho kikaenda kukaa chini ya Kipara, na viazi vya kuchemsha, kama wanakwenda mpirani.

Nilikuwa wa kwanza. Niliipanda Kwikwi siku ile kama sijawahi kuipanda. Niliipanda nikiwa naimba. Hakuna aliyeona, hakuna, ni mimi na tumbili mmoja mwenye mkia mrefu aliyenitazama kwa dharau kutoka mtini. Mzee Sungi alinikabidhi nta akasema, "Umewahi. Hata chai haijachemka." Nikageuza. Na hapo ndipo nilipojua kosa letu. Baiskeli ile nilikuwa sijawahi kushuka nayo, hata mara moja, tangu iunganishwe. Ilikuwa tupu. Ikawa inaruka kama ndama aliyefunguliwa, nyuma inapaa, usukani unanipiga kwenye viganja, na nilipofika juu ya Kipara nikaona jiwe lote liko mbele yangu, na chini watu wamejaa, vichwa vyote vimeinuliwa. Zuhura alikuwa na kanga ya njano. Kaka Deo alikuwa ameinua simu. Nilisimama. Nikaweka mguu mmoja chini, kisha wa pili. Nikaisukuma baiskeli kwa miguu pembeni mwa jiwe, nikishika breki, na nikamwona Kaka Deo anavyoishusha simu yake polepole, kwa huruma. Ningependa angeishusha haraka.

Elia akachukua baiskeli kutoka mikononi mwangu. Hakuniambia pole, na namshukuru. Akafunga madumu mawili matupu kwenye keria, na watu wakacheka, wakamuuliza anapeleka maziwa wapi. Akaenda. Akakawia. Watu walimaliza viazi, wakamaliza na maganda, Mama Elia akaanza kusimama na kukaa. Ndipo tukamwona juu ya Kipara, mdogo kama mende, na alipojiachia nikaelewa yale madumu. Alikuwa ameyajaza mchanga kambini. Alijua kwamba baiskeli tupu haishuki, itamtupa, akaipa uzito wake iliouzoea. Mimi nisingelifikiria hata kwa mwaka mzima. Alishuka kama maji yaliyomwagwa, sauti ya tairi ikasikika kabla yeye hajafika, na simu ya Kaka Deo ilikuwa juu mwanzo mpaka mwisho. Watu walimbeba. Mimi nilishika baiskeli isianguke.

Kesho yake asubuhi nilipeleka unga kambini kama kawaida, peke yangu, na kwenye Kwikwi nikaona alama. Kulikuwa na mstari wa tairi langu wa jana, unakata huku na huku. Na kulikuwa na mstari mwingine wa tairi hilo hilo, umenyooka, na pembeni yake nyayo za kandambili za Elia, kutoka chini mpaka juu kabisa. Hakupanda. Alisukuma. Nilizikanyaga zile nyayo moja moja nikiwa nimesimama juu ya pedali, na sikuwahi kuisikia baiskeli ikiwa nyepesi kama siku ile. Nilikuwa na neno mdomoni.

Mchana Mama Elia alimchinjia kuku Kaka Deo, akaniita na mimi. Tukakaa mkekani, na Kaka Deo alikuwa ameshaamua, ilionekana, lakini katikati ya kula akanigeukia. "Wewe ndiye mwenzie," akasema. "Hebu niambie. Kushuka nimemwona. Mlimani je, anajiweza?" Mama Elia alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi, akabaki nalo hivyo hivyo. Elia hakuniangalia. Alikuwa analitazama tonge lake kama mtu aliyelisahau jina. Nikasema, "Kaka, mlima ule hakuna anayeujua kama Elia. Ameupanda kwa miguu yake, mbio, kila safari tuliyokwenda, na mimi nikiwa kwenye baiskeli. Pumzi anayo." Kila neno lilikuwa la kweli. Kaka Deo akafurahi, akasema pumzi ndiyo kazi, hayo mengine yanafundishika. Mama Elia akanimiminia mchuzi wote uliobaki, mpaka ukafurika kwenye mkeka. Nimejiuliza mara nyingi, nikiwa bandani kwangu nimelala chini ya pikipiki ya mtu, kama nilisema vile kwa kumpenda, au kwa sababu nilitaka aondoke aniachie kijiji, na bomba, na kanga ya njano. Sijapata jibu. Siku nikiwa na furaha nachagua la kwanza.

Aliondoka na begi dogo. Barabarani akaniambia, "Baiskeli yote sasa ni yako. Kwenda na kurudi." Nikamwambia sitaki. Nikamwambia mimi changu ni kwenda, kurudi ni kwako, utakukuta ukija. Akadhani natania. Msimu wote uliofuata nilipanda Kwikwi nikiwa juu ya baiskeli, na nilirudi nikiwa naisukuma, na asali juu yake, kutoka kambini mpaka kijijini, hata sehemu za tambarare ambazo mtoto angeendesha. Mzee Sungi alijaribu kunisema. "Rama, sasa hivi unamsubiri nani hapo juu yake?" Watu walisema naogopa. Kuogopa kulikuwepo. Lakini zaidi nilikuwa na wivu wa namna ya kijinga kabisa, sikutaka kugusa kitu chake hata alichokitupa, nisije nikaonekana nimekipata kwa kuwa yeye amepata kizuri zaidi.

Zuhura alikuwa bado bombani. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwenzie, imepata pancha?" Nikasema ndiyo. Safari iliyofuata akauliza tena, nikasema ndiyo. Baadaye akatua ndoo chini akasema, "Baiskeli gani hii kila siku inapata pancha ya kurudi, ya kwenda haipati?" Nikacheka, akacheka, nikasimama. Elia alikuwa anapita pale bombani kama risasi. Mimi nilikuwa napita kama msiba, na mtu anayepita polepole hivyo lazima mzungumze. Tulizungumza msimu mzima. Sasa nikimtania kwamba alikuwa akimtazama Elia, ananijibu, "Nilikuwa natazama asali. Ulidhani natazama mtu?"

Basi siku ya pili baada ya sendoff, Elia akaniomba twende juu. Baiskeli ilikuwa kwa mama yake, nikaijaza upepo, nikaipaka mafuta. Korongo ni lile lile. Tulipofika chini ya Kwikwi akanigusa bega akasema, "Kwenda wewe." Nikapanda. Kifua changu si kile cha zamani, na pale kwenye mizizi ya pili karibu niweke mguu chini, lakini nikasikia nyuma yangu mtu anapiga kelele, "Kata pembe! Kata pembe, Rama, usiachie!" Ni yeye, na fimbo aliyoiokota korongoni, na goti lake bovu, anakuja. Nilikata pembe. Nilipofika juu nililia kidogo, nikafuta haraka. Alifika baada ya muda mrefu, akakaa chini, na safari hii hakuomba maji. Akasema, "Kule nilikuwa nawaambia watu kuna mtu kwetu anaipanda hii bila gia. Hawakuamini hata mmoja." Nikamuuliza goti lilikuwaje. Akasema alishuka mahali na baiskeli ya gia, nyepesi, bila mzigo wowote nyuma, na akacheka peke yake.

Tulipotoka kambini tukasimama juu ya Kipara. Nikamshikia baiskeli apande, mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe. Akatikisa kichwa, akapiga goti lake kofi. "Kurudi chukua leo," akasema.

"Tupu hii," nikamwambia. "Itanitupa."

Akaitazama keria. Akanitazama mimi. Kisha akapanda nyuma, taratibu, akakaa kwenye keria kama dumu, akanishika kiunoni. "Mzigo huu hapa," akasema. "Twende kabla sijabadili mawazo."

Sikumbuki jiwe lenyewe. Nakumbuka upepo ulivyoingia ndani ya shati langu, na sauti yangu mwenyewe, na Elia ananifokea sikioni breki, breki, kisha akashusha ule mguu wake mzima na kuukandamiza kwenye gurudumu la nyuma. Harufu ya mpira unaoungua ikanijia. Ile soli ya kijivu, yenye meno kama tairi la trekta, ikaliwa yote. Tuliingia kijijini kwa kasi ambayo sikuwahi kuingia nayo, nimekaza usukani, macho yananitoka machozi ya upepo, na watoto wakatoka kila nyumba wakikimbia, wakipunga mikono, wakiimba. Nikainua mkono mmoja kuwapungia. Hapo ndipo nikasikia wanachoimba. "Mgeni! Mgeni! Mgeni!" Nikageuza shingo, na Elia alikuwa nyuma yangu ameketi vizuri, anawapungia kama mbunge.